Maji Kwenye Uwanja wa Kwa Nzeki

Binti wa Meja Barasa alinipigia simu nikiwa nimeketi hapa kwangu Malili, nimevua viatu, nikibishana na redio. Alisema jina lake, Nekesa, na kabla hajamaliza salamu nilikuwa nimeshajua. Mtu wa umri wangu akipigiwa simu na mtoto wa rafiki yake, habari huwa ni moja. Aliniambia baba yake amefariki Jumamosi hospitalini, kifua kilekile kilichomsumbua tangu astaafu, na akaniomba niandike maneno machache ya kusomwa mazishini kuhusu baba yake alivyokuwa mwalimu wa marubani. "Ukurasa mmoja tu, Baba," alisema kwa upole, "kwa sababu watu wa kanisa wanasema programu imejaa." Nikaandika ukurasa mmoja. Ulisomwa, watu wakapiga makofi, tukamzika mzee wetu. Lakini nilirudi nyumbani na kinyongo, maana ukurasa mmoja ulitosha kusema Meja alikuwa mtu mkali na mwadilifu, jambo ambalo husemwa juu ya kila marehemu, wala haukutosha kusimulia mwaka alionifanya rubani. Basi nimeamua kuuandika hapa, ambapo hakuna mchungaji wa kunitazama huku akitazama saa.

Sitaanza na nilikozaliwa wala ukoo wangu. Vitabu vya watu wakubwa huanza na babu, na msomaji humfikia mwenye kitabu akiwa amekwisha kuchoka. Mimi naanza nikiwa na miaka ishirini na sita, luteni, rubani msaidizi wa ndege ya mizigo yenye injini mbili, katikati ya miaka ya sabini. Ule ulikuwa mwaka wa njaa kule kwetu kaskazini ya Mwingi. Nililala katika chumba cha vitanda viwili kambini Nairobi, chenye kabati la mbao lililokataa kufungwa na dirisha lililotazama tangi la maji, na chumba chote kilinuka rangi ya viatu na mafuta ya ndege. Asubuhi mpishi wa mesi alituwekea mayai mawili kila mtu, mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, na chai nzito. Mwaka ule mayai yale yalinipa taabu. Barua za mama ziliandikwa na mwalimu wa shule kwa niaba yake, naye mwalimu alikuwa mtu wa mzaha: aliandika kwamba mwezi wa pili walipika muthokoi, yaani mahindi ya kukoboa, bila maharagwe, mwezi wa nne wakapika maharagwe bila mahindi, na sasa wanapika maji na kuyaita chai. Nilicheka niliposoma, kisha nikaangalia sahani yangu na nikaona aibu. Nilituma nyumbani nilichoweza, na mayai nikayala, maana rubani mwenye njaa hamsaidii mtu yeyote.

Katika ndege yetu kulikuwa na viti viwili mbele. Cha kulia ni cha msaidizi, anayesoma orodha, anayeangalia saa na vipimo, na anayeambiwa "sawa" siku nzima. Cha kushoto ni cha rubani mkuu, yule ambaye ndege ikianguka jina lake ndilo linaloulizwa kwanza. Tulikuwa wasaidizi watatu tuliokuwa tayari kupimwa, na nafasi ya kushoto ilikuwa moja. Mtahini alikuwa Meja Barasa. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mtu wa Magharibi aliyepika chai yake mwenyewe kwa sababu hakuamini ya mpishi. Hakupiga kelele kamwe. Ukikosea angani alinyamaza, na ukimya wake ulikufanya ujikague tangu viatu hadi kofia. Nilikitaka kile kiti kwa namna ambayo sijawahi kutaka kitu kingine tangu hapo, na sioni haya kusema hivyo. Kwetu hakuna aliyewahi kukikalia. Mama alikuwa ameshawaambia watu kanisani kwamba mimi ndiye ninayeendesha, na ilikuwa kazi yangu kuhakikisha kwamba mama hakudanganya kanisani.

Siku moja mchana nilikuwa katika chumba cha kupigia pasi, kilichopakana na veranda ya mesi. Dirisha lilikuwa wazi, na Meja alikuwa nje anakunywa chai na mkuu wa kikosi chetu. Nikasikia jina langu. Mtu akisikia jina lake husimama, hata kama mkononi ana pasi ya moto.

"Kimanzi ako na mkono mzuri," Meja alisema. "Ndege inamsikia. Shida yake ni moja tu. Anataka kupendwa na kila mtu. Mpishi, sajenti, mimi, mpaka yule wa kufagia."

"Sasa hiyo ni shida?" mkuu aliuliza.

"Kwa pasta si shida. Kwa daktari si shida. Lakini huyu ni rubani, bwana. Kuna siku lazima useme hapana, watu wote wakukasirikie. Hiyo siku yeye atachelewa, na hiyo kuchelewa ndiyo itaua watu."

Nilichoma kola ya shati langu jipya. Nilikasirika sana. Nilijiambia kwamba Meja ana wivu, kwamba mtu anayejipikia chai peke yake hawezi kujua thamani ya kupendwa na watu, na mengine mengi ambayo kijana hujiambia anapoguswa penye kidonda. Leo nikiwa na mvi ninaweza kukiri kwamba alinisoma kama anavyosoma vipimo vya ndege. Nilikuwa namsalimia mfagiaji mara tatu kwa siku, na kama hakuitikia mara moja nilikosa raha. Hata nilipooa, miaka ya baadaye, mke wangu alilalamika kwamba nikienda dukani kununua chumvi narudi na marafiki wanne na chumvi nimesahau.

Wiki mbili baada ya pasi ile, Jumatatu, amri ilitoka. Alhamisi tungepeleka maziwa ya unga ya watoto na dawa hadi uwanja mdogo wa Kwa Nzeki, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Mwingi, kwa sababu malori yenye mzigo mzito yalikwama siku nyingi kwenye barabara ya mchanga na zahanati haikuwa na siku nyingi. Safari ile ndiyo ingekuwa mtihani wangu. Ningekaa kushoto, Meja kulia. Na Kwa Nzeki ni kwetu, hapohapo nilipochungia mbuzi. Meja alituambia alichotuambia kila mara: safari za jeshi kwenda upande ule hazitangazwi. Barabara za kaskazini zilikuwa bado na watu wenye bunduki, na zaidi ya hayo, watu wenye njaa wakijua ndege ya chakula inakuja hujaa uwanjani, na ndege haina honi. Chifu peke yake ndiye angeambiwa, asubuhi ileile, aondoe watu na mifugo. Tuliitikia "ndiyo, Afande" wote kwa pamoja, na sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko zote.

Jumanne nilikwenda mjini kumwona Abdi. Abdi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, familia yake ilitoka Garissa ikakaa Mwingi tangu enzi za baba yake, na lori lake lilileta ng'ombe na mbuzi Nairobi na kurudi na unga, sukari na barua. Watu wa kwetu tulimtumia kama posta, ila yeye alikuwa na kasi kuliko posta. Nilimkuta katika hoteli yake ya siku zote akila wali na nyama ya mbuzi, akanisogezea sahani bila kuniuliza kama nina njaa. Tulikula kwa mikono kutoka sahani moja. Nilikuwa nimekuja kumpa sukari ya mama tu. Hilo naapa.

"Luteni," alisema, "mama yako kila siku ananisumbua. Ananiuliza, Abdi, huko Nairobi umeona kijana yangu akiendesha? Mimi namwambia, mama, mimi naona matako ya ng'ombe tu."

Nilicheka, na nikiwa katika kicheko kile nikasema. Nilimwambia amwambie mama Alhamisi, saa nne asubuhi, atazame juu. Nilimwambia kushoto nitakuwa nimekaa mimi mwenyewe. Na kwa sababu mtu akishaanza ujinga huumaliza, nikaongeza: "Waambie wanipokee vizuri." Abdi aliweka mkono kifuani akasema ujumbe umefika kabla hajaondoka. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na dole langu lilikuwa salama kabisa ndani ya kiatu cha jeshi.

Alhamisi anga lilikuwa jeupe kwa joto, bila wingu. Tuliondoka na mzigo kamili, sajenti wa mizigo akiwa nyuma na magunia na masanduku. Tuliipita milima ya Kitui upande wetu wa kulia, na baada ya hapo nchi ilikuwa rangi moja tu, ya mfupa uliolala juani. Sijawahi kuendesha vizuri kama nilivyoendesha asubuhi ile. Meja alikuwa amekunja mikono, hasemi kitu, na nilijua kwamba ukimya ule haukuwa ule mwingine. Tulipouona uwanja, nilizunguka mara moja juu yake kama tulivyofundishwa. Ulikuwa ukanda wa udongo mwekundu, mgumu, ila mwanzo wake, pale magurudumu yanapogusa kwanza, palikuwa na udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ulijazwa miaka ya nyuma kufukia bonde dogo. Watu walikuwa wamepangwa mistari miwili mirefu pembeni, mbali kidogo, wametulia. Niliona leso za kila rangi. Moyo wangu ulijaa hata nikahisi shati linanibana.

Nikageuka kuja kutua. Nilipokuwa nimenyooka, chini, magurudumu yakiwa tayari, niliona kwamba mwanzo wa uwanja, ule udongo mweusi, ulikuwa mweusi zaidi ya kawaida. Ulikuwa na mpaka, kama kitambaa kilichotandikwa. Meja naye aliuona.

"Kivuli," alisema. "Endelea."

Lakini wingu la kutupa kivuli halikuwapo. Na mimi nilikuwa nimekulia katika nyumba ambayo mchungaji akitarajiwa Jumapili, mama huamka kabla ya kuku, hufagia ua, kisha huchota maji kwa kitete, kibuyu kidogo, na kunyunyiza mlangoni, ili vumbi lilale chini na mgeni aingie na viatu safi. Kadiri mgeni alivyo mkubwa, ndivyo maji yanavyokuwa mengi. Niliwaambia wanipokee vizuri. Walikuwa wamenipokea. Katika mwaka ambao maji yalichimbwa katika mchanga wa mto kwa mikono, walikuwa wamemwagia mlango wa ndege.

Nilijua mara moja udongo ule ukilowa unakuwaje. Nilijua pia kwamba nikisema ninachojua, swali la pili la Meja litakuwa nani aliwaambia. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kupitisha magurudumu mbele kidogo nikajifanya nimekosea kipimo, nikapoteza alama chache na kubaki na siri yangu. Lakini siku ile hakukuwa na nafasi ya kukosea kipimo. Uwanja ulikuwa mfupi na ndege ilikuwa nzito. Nikasukuma vishikio vya injini mbele vyote viwili, nikainua pua, tukapita juu ya vichwa vya watu wangu kwa ngurumo, na wao wakapiga vigelegele wakidhani ni salamu.

"Kwa nini?" Meja aliuliza.

"Ile si kivuli, Afande. Ni maji."

"Maji gani? Hapa hakujanyesha tangu mwaka jana."

"Wamemwagia. Kwetu mgeni akija tunamwagia mlangoni. Wamemwagia kwa sababu yangu."

Aligeuza kichwa akanitazama. "Nani aliwaambia unakuja?"

"Mimi."

Ukimya ule mwingine ukaja. Niliusikia juu ya kelele za injini mbili. Nilijua kiti kimekwenda, nami nikageuza ndege kuzunguka tena kwa utulivu ambao sikuutarajia. Labda ni kwa sababu sikuwa tena na kitu cha kuficha.

"Hiyo tutaongea chini," Meja alisema mwishowe. "Upande wa pili kuna kilima, huwezi kuingilia huko. Sasa unafanya nini?"

"Naruka maji. Natua mbele, kabla ya pale yule mama wa leso nyekundu amesimama. Kama magurudumu hayajagusa nikimfikia, naondoka, tunarudi Nairobi na maziwa."

"Na mama yako amesimama hapo chini anakuangalia."

"Ataniona nikirudi Nairobi, Afande."

Niliiona mikono yake: ilikuwa imefunguliwa, imelala juu ya magoti, karibu na usukani lakini haikuugusa. Nikaja tena. Udongo mweusi ulipita chini yetu, uking'aa, na niliona hata ndoo zilizoachwa pembeni. Magurudumu yakagusa udongo mwekundu, mgumu, kabla ya leso nyekundu, nikavuta kila nilichoweza kuvuta na nikakanyaga breki hadi mguu ukaniuma. Magunia nyuma yalilia. Tulisimama zikiwa zimebaki hatua chache tu kabla ya miiba ya mwisho wa uwanja. Sajenti alisema neno la kilugha chake ambalo halikuhitaji kutafsiriwa.

Vumbi walilolikimbia tangu alfajiri ndilo tulilowapelekea. Lilipanda na kuwafunika wote, leso, viatu, wachungaji na watoto. Tuliposhuka, watu walikuwa wekundu kuanzia kichwani, na hawakupiga vigelegele. Kikundi cha mwethya cha kina mama, wale waliolima pamoja, waliojenga pamoja na kuzika pamoja, kilikuwa kimesimama mbele, na kiongozi wao, Kavutha, jirani yetu aliyenipiga kofi mara nyingi utotoni, alikuja moja kwa moja kwangu. Mama alikuwa nyuma yake, hanitazami. Kavutha aliacha Kikamba akasema Kiswahili, ili mgeni wangu asikie.

"Kimanzi, sisi tumekukosea nini? Tumeamka, tumeenda mto, tumechimba mchanga mpaka kiuno. Tumebeba maji na punda na mgongo. Inakauka, tunaenda tena. Tumekuwekea heshima mlangoni. Sasa wewe unakuja juu yake, unarudi juu, alafu unairuka kama mtu ameona mavi. Mbele ya mgeni. Tumekukosea nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Upepo. Ningesema upepo umenisukuma, wangeamini, wangenikumbatia, na vigelegele vingeanza. Meja alikuwa amesimama kando yangu akifuta kofia yake vumbi. Nilimtazama mama. Nilitaka anipende kuliko vile nilivyotaka kiti.

"Mama Kavutha," nikasema, "hiyo maji ingetuua."

Nilisema mbele ya wote. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyenielewa, nilitembea hadi pale kwenye udongo mweusi, wote wakinifuata, nikiwa na sare yangu iliyopigwa pasi. Nilitaka kuwaonyesha kidogo tu. Nilikimbia hatua kumi juu ya matope, nikajaribu kusimama ghafla kama ndege. Miguu ilikwenda mbele, mimi nikabaki nyuma, nikaanguka chali kwa kishindo, matope hadi masikioni. Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Kisha kikundi kizima, na mwisho nilisikia kicheko kigeni, kizito, nikageuka nikaona ni Meja Barasa, ambaye kambini hatukuwahi kuona meno yake.

"Mimi ni mtu mmoja," niliwaambia nikiwa bado chini. "Hiyo ndege iko nzito kama malori. Na mtu wa kulaumiwa ni mimi. Nilikatazwa kusema, nikasema. Niliwaambia mnipokee vizuri na sikuwaambia ndege inataka nini."

Kicheko kiliisha. Mama alisogea, akanishika mkono akanivuta nisimame, na akasema kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, kwamba yale yalikuwa maji ya siku mbili na kwamba nyumbani hawajapika uji. Hakusema kwa ukali. Sijawahi kuona haya kama vile, kabla wala baada. Nilikuwa nimesimama na matope mgongoni yaliyokuwa uji wa watoto.

Kavutha ndiye aliyetuokoa. Alitazama ndege, akatazama matope, akafunga leso yake kiunoni upya kama mtu anayeanza kazi. "Haya," alisema. "Yamemwagika. Sasa tuonyeshe ndege inapenda nini. Sisi si watu wa kubahatisha." Sajenti na vijana wakishusha maziwa, mimi nilitembea na kina mama uwanja mzima, mwisho hadi mwisho. Niliwaonyesha vishimo ambavyo kwale hufukua ili kuoga vumbi, na mawe ya ukubwa gani hupasua gurudumu, na kwa nini mbuzi ni hatari kuliko mtu. Waliuliza maswali ambayo hata darasani hatukuyauliza. Kabla hatujaondoka walikuwa wameshagawana uwanja kama wanavyogawana shamba: kila nyumba hatua zake, na asiyefika siku ya mwethya atapewa za jirani juu ya zake. Na Kavutha alitangaza sheria ya kwanza, kwamba mtu yeyote atakayeonekana uwanjani na maji, hata ya kunywa, atamwona yeye.

Ndani ya ndege, kabla ya kuwasha injini, Meja alitoa karatasi ya mtihani. "Kuendesha, umepita," alisema. "Na hapo chini kwa wamama, sikutegemea. Umenishangaza. Lakini mdomo umeanguka, na ungetumaliza sisi wote. Mimi niko na karatasi moja, sina mbili." Akaandika kwamba nimeshindwa. Kile kiti alipewa mwenzangu wa chumbani, mmoja wa wale watatu, ambaye nilimpongeza kwa moyo mzito, na nilirudi kulia kusoma orodha na kuambiwa "sawa" miezi minne mingine. Nekesa, mwanangu, kama unasoma, hili ndilo halikutosha kwenye ukurasa wako. Nimeruka zaidi ya miaka ishirini, Mandera, Lodwar, usiku, mvuani, nikiwa na wagonjwa na maiti na mara moja na ndama. Nimefundisha vijana wengi, na wengine leo wanaendesha ndege kubwa zinazopita juu ya paa langu hapa Malili zikishuka Nairobi. Sijawahi kumuumiza mtu. Ninajivunia hilo hadharani, na chanzo chake ni ile karatasi moja ambayo baba yako alikataa kuigawa.

Na uwanja wa Kwa Nzeki? Marubani walianza kuuomba. Hata maafisa waliokuja kukagua viwanja vya mashariki waliuliza ni kampuni gani inayoutunza, na nilikuwa nikijibu kwa kiburi kwamba ni kampuni ya mama yangu. Kina mama waliufagia kuelekea upande mmoja, wakafukua ule udongo mweusi wote kwa majembe na karai na kuujaza changarawe ya mtoni, na kupanga mawe pembeni waliyoyapaka majivu ili yaonekane kutoka juu. Hakuna mtu aliyewaamuru, na hakuna aliyewalipa kitu.

Mwezi wa kumi, mawingu yakianza kuvimba upande wa mashariki, tulipewa mbegu za kunde na mbaazi za kupeleka kule kabla mvua haijafika. Safari hii sikumwambia mtu. Nilikutana na Abdi siku mbili kabla, tukala, akaniuliza habari, nikamwambia hali ya hewa ni nzuri, akanitazama sana. Nafasi nyingine ya kushoto ilikuwa imepatikana, na huo ulikuwa mtihani wangu wa pili. Niliketi kushoto, nikafunga mikanda, nikamngoja Meja aketi kulia na karatasi yake. Badala yake alikuja kijana msaidizi, mpya, jasho likimtoka, akaketi. Nyuma nilimsikia Meja akimwambia sajenti amsogezee magunia mawili ya kunde. Nilidhani ni njia mpya ya kunipima. Njia nzima nilihisi macho yake kisogoni.

Uwanja ulikuwa mwekundu na mkavu, mawe meupe yamenyooka, hakuna mbuzi, hakuna mtu karibu. Kina mama waliposikia mlio walisimama nyuma ya mawe kama sheria yao ilivyosema, na nikamwona mama kati yao, bado na jembe mkononi, maana hakujua kwamba ni mimi. Nikashuka, nikagusa palepale mwanzoni, mlangoni, nikapunguza mwendo bila haraka, nikasimama katikati na nafasi ya kutosha. Nikazima injini. Nikafungua mikanda nikageuka nyuma kumtazama mtahini wangu.

Meja Barasa alikuwa amelala. Alikuwa amejinyoosha juu ya magunia ya kunde, mdomo wazi, viatu vimefunguliwa kamba, anakoroma. Sajenti alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja asicheke. Mtu yule, ambaye hakuamini hata chai ya mpishi, alikuwa amelala huku mimi nikitua Kwa Nzeki. Niliinama juu ya magunia, nikamgusa bega.

"Afande. Tumefika."

Alifungua macho, akatazama dari, akasikiliza. "Tumetua?"

"Ndiyo, Afande. Sasa hivi."

"Sikusikia kitu," alisema, akaanza kutafuta kofia yake kati ya magunia.